Deni la msimu halilipwi kwa kubeba masufuria

Julai ikiingia, mikorosho ya Chiungutwa wilayani Masasi huanza kutoa maua, na ubwiri unga nao haukawii. Mkulima anatakiwa awe na salfa, awe na bomba la kupulizia au fedha ya kulikodi, awe na petroli na vijana wa kumsaidia. Mengi ya hayo yanataka fedha kabla kilo moja ya korosho haijafika ghalani. Mnada wa kwanza ni Oktoba. Katikati hapo watoto wanakula, mgonjwa anapelekwa hospitali, jirani anafiwa. Madeni mengi ya kaya za Masasi na Newala huzaliwa katika miezi hiyo, na mengine hukua mpaka yakamshinda mwenyewe.

Yakimshinda, mara nyingi hakuna anayekwenda mahakamani. Pikipiki mbili tatu husimama uani asubuhi. Vijana wanashuka, godoro linatolewa nje, redio inafuata, na sufuria la ugali linafungwa juu ya godoro kwa mpira wa tairi. Thamani ya vitu hivyo haifikii hata riba ya miezi miwili. Deni linabaki palepale, ila sasa kaya haina pa kulala wala chombo cha kupikia, na mama wa nyumba anaanza kukopa upya ili anunue sufuria jingine.

Waswahili wamesema dawa ya deni ni kulipa, na hakuna mtu mwenye haya anayepinga. Lakini deni hulipwa kwa kile kinachobaki baada ya watu kula, kutibiwa na kurudi shambani. Kiasi hicho hakipatikani kwa kukisia wala kwa kutishana. Hupatikana kwa bajeti ya kaya, iliyoandikwa kwa ukweli, mwezi kwa mwezi. Ndiyo karatasi ya kwanza anayopaswa kuishika mtu aliyezidiwa na madeni, na ndiyo karatasi ambayo sheria za Tanzania zingepaswa kuipa nguvu kuliko zinavyofanya sasa.

Sheria ya kumtangaza mtu kuwa amefilisika ipo. Ni Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1930, enzi za Waingereza. Mdaiwa aliyeshindwa anaweza kuomba mwenyewe mahakamani, au mdai wake akamwombea. Mahakama ikikubali, mali huwekwa chini ya usimamizi wa mfilisi, kazi ambayo kwa upande wa serikali iko RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mdaiwa huandika mali zake zote, madeni yote, majina ya wadai na dhamana wanazoshikilia, kisha huhojiwa hadharani. Mali hugawanywa kwa wadai. Zana zake za kazi, nguo na matandiko ya familia huachwa, ingawa kwa thamani iliyowekewa kikomo.

Kwa mtu wa Chiungutwa, ugumu wa sheria hii uko mlangoni. Maombi haya ni ya Mahakama Kuu, na kwa mkazi wa Masasi maana yake ni kwenda Mtwara mjini, safari ya takriban kilomita 200, pamoja na nauli, wakili, ada na siku za kupoteza shambani. Nani atayabeba hayo kwa deni la shilingi 500,000? Sheria iliwalenga wafanyabiashara wenye maduka, vitabu vya hesabu na mawakili. Mkulima mwenye mikorosho 60 na madeni sehemu nne haonekani ndani yake.

Anayoiona karibu zaidi ni Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Sheria hiyo bado inaruhusu mdaiwa aliyeshindwa kesi kufungwa kama mfungwa wa madai hadi miezi 6, mdai akigharimia chakula chake, na akitoka deni bado analo. Hata hivyo sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho watu wachache vijijini wamewahi kusomewa. Kifungu hicho kinakataza kukamata, kwa ajili ya kutekeleza hukumu, nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake. Kinalinda zana za fundi na za mkulima, pamoja na mbegu na mifugo anayoihitaji ili aendelee kujipatia riziki. Kinalinda nyumba anayoishi yeye, mkewe na watoto wanaomtegemea. Kinalinda pia ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yanaitegemea ardhi hiyo. Mali iliyowekwa rehani kwa hiari ina utaratibu wake mwingine, na hapo ndipo watu wanapopoteza mashamba. Lakini hata rehani ina mpaka: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Kwa maneno mengine, dalali wa mahakama mwenye amri ya jaji haruhusiwi kubeba sufuria la ugali. Vijana wa pikipiki, wasio na amri yoyote, wanalibeba.

Sasa tuje kwenye bajeti yenyewe. Chukua kaya ya mfano, yenye baba, mama na watoto wanne, inayovuna kilo 800 za korosho. Kwenye mnada watu hutazama bei iliyotangazwa, lakini bajeti haianzii hapo. Huanza na fedha inayofika mkononi baada ya mjengeko wa bei, yaani baada ya kukatwa ushuru, usafirishaji, ghala, magunia na sehemu ya chama. Tuseme mkononi inafika shilingi 2,800 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 2,240,000. Ongeza 400,000 za ufuta na mbaazi, jumla 2,640,000. Kwa macho ya Novemba ni fedha nyingi. Ikigawanywa kwa miezi 12 ni shilingi 220,000 kwa mwezi.

Upande wa matumizi, kaya hii inahitaji tuseme 150,000 kila mwezi kwa chakula cha kununua, kusaga, mafuta, sabuni, maji, dawa na nauli. Juu yake yako matumizi yanayokuja mara moja kwa mwaka, ambayo ndiyo husahaulika: palizi 250,000, kupulizia 200,000, sare na michango ya shule Januari 150,000. Jumla 600,000, sawa na 50,000 kila mwezi. Kaya inahitaji 200,000 kwa mwezi. Kinachobaki kwa wadai ni shilingi 20,000.

Hesabu hiyo fupi inaeleza mambo ambayo kelele za miaka mingi hazijaeleza. Kaya hii ikikopa 500,000 mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba peke yake ni 100,000. Ina 20,000. Kufilisika kwake kumeshaandikwa siku ya kusaini mkopo, kabla hata maua hayajafunga. Ikikopa kwa mtoa huduma mwenye leseni ya daraja la pili, ambaye Benki Kuu ya Tanzania imemwekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi chini ya mfumo wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, riba ni 17,500. Inalipika, ila kwa shida: zinabaki 2,500 za kupunguza deni lenyewe. Kaya ikiziona namba hizi mapema, itakopa 200,000 za kupulizia na kuacha 300,000 nyingine zikae kwa mwenyewe.

Kuna mkopo mwingine ambao hauitwi mkopo. Ni kangomba. Mkulima anapokea fedha Agosti, korosho ikiwa bado ua, na anakabidhi kilo msimu ukifika. Tuseme amepokea shilingi 1,200 kwa kilo ambayo Novemba ingemletea 3,000. Amelipa 1,800 juu ya 1,200 kwa miezi mitatu, yaani riba ya asilimia 150. Hata kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani wa asilimia 20 kwa mwezi, hafiki hapo. Serikali imekuwa ikipambana na kangomba kwa msako na mageti barabarani, lakini atakayeuza ua Agosti ni yule ambaye Julai hakuwa na pa kupata fedha ya kupulizia. Anayetaka kangomba ife aanze na pengo hilo la miezi mitatu.

Bajeti ya msimu lazima ijaribiwe pia kwa bei mbaya. Katika msimu wa 2024/25 mnada wa kwanza ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Katika misimu miwili iliyotangulia bei ilikuwa ikizungukia 2,000. Kaya ya mfano ikipata 1,800 mkononi badala ya 2,800, mapato ya mwaka yanashuka hadi 1,840,000 wakati mahitaji ni 2,400,000. Pengo ni 560,000, na hapo haijadaiwa na mtu. Kaya ya namna hiyo haiwezi kuahidi rejesho la kila mwezi kwa mtu yeyote, na mkopeshaji anayekubali ahadi hiyo anajua mapema kwamba atakuja kubeba vitu.

Tena bei nzuri haitoshi kama malipo hayaji kwa wakati. Watu wa Mtwara na Lindi hawajasahau msimu wa 2018/19. Wakulima waligomea bei za wanunuzi kwenye minada. Tarehe 10 Novemba 2018 Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na wa viwanda na biashara, na siku mbili baadaye akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, jeshi likipewa kazi ya kuikusanya. Bei ilipokelewa kwa shangwe. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, na wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Aliyekuwa amekopa kwa kutegemea Novemba akadaiwa Januari, Februari na Machi, na riba haikusimama kungoja uhakiki. Miaka mitano kabla, Aprili 2013, Liwale mkoani Lindi iliwaka moto, nyumba zikachomwa, kwa ugomvi wa malipo ya pili ya korosho. Sehemu ya ufilisi wa kaya za kusini inatengenezwa ofisini, mbali na shamba, na haki ingetaka mkulima aliyecheleweshewa fedha yake asitozwe riba ya ucheleweshaji huo.

Kuna mstari mmoja kwenye bajeti ambao wataalamu wa mjini huufuta haraka: unyago na jando. Desemba, shule zikifungwa na korosho ikiwa imelipwa, watoto hutolewa, ndugu wanakuja, kanga na chakula vinanunuliwa. Bajeti inayoweka sifuri hapo ni ya uongo, kwa sababu hakuna mama wa Kimakonde, Kimakua au Kiyao atakayemficha mwanawe ndani wenzake wakitolewa. Kinachowezekana ni kuandika kiasi, kukikubali nyumba nzima, na kukitenga kabla ya ngoma. Wazee wanaoheshimiwa na masomo wanaosimamia shughuli wana sauti hapa kuliko afisa yeyote: wakikubaliana kijijini kwamba shughuli iwe ya kiasi, hakuna familia itakayoona aibu peke yake.

Kwa anayekaribia kushindwa, kazi ya kuandika iwe ya watu wote wa nyumba, mke akiwa na kalamu sawa na mume, maana mara nyingi deni la mmoja mwingine huligundua siku ya pikipiki. Chakula cha ghalani kihesabiwe: muhogo na mahindi yaliyopo ni mapato ambayo hayapiti benki. Madeni yapangwe kwa aina, yenye rehani peke yake, ya kikundi cha VICOBA peke yake, ya simu peke yake, ya ndugu peke yake, kila moja na tarehe, riba na kiasi kilicholipwa tayari. Risiti zihifadhiwe. Mikorosho isihamishiwe jina la kaka usiku usiku, wala mdai mmoja asilipwe kwa siri wengine wakiachwa. Mambo hayo sheria ya ufilisi inaruhusu yatenguliwe, na yanamfanya mdaiwa mkweli aonekane tapeli.

Karatasi hiyo ina kazi hata leo, bila kungoja sheria mpya. Mahakama inayo mamlaka ya kuamuru deni lilipwe kwa mafungu, na hakimu anayeoneshwa kwamba fedha ya kaya huingia Novemba ana sababu ya kupanga mafungu yaanze Novemba. Mdai mwenye busara naye huona kwamba 20,000 za uhakika ni bora kuliko godoro lililochakaa. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na kuandaa bajeti ya mdaiwa kungefaa kuwa sehemu ya kazi yao ya kila siku. Mwenye deni la programu ya simu aulize kwanza kama aliyemkopesha ana leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali.

Hata hivyo juhudi za mtu mmoja mmoja zina mwisho. Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo. Sheria yao ya Ufilisi ya mwaka 2015 ilifuta ile ya kikoloni na kuweka njia maalumu kwa mdaiwa asiye na mali ya kuuza, mwenye madeni kati ya shilingi za Kenya 100,000 na 400,000, kiwango cha juu kikiwa kama milioni 8 za Tanzania. Akikubaliwa, wadai hawamgusi kwa miezi 12, na muda huo ukiisha madeni hayo hufutwa. Ni nafasi ya mara moja tu maishani. Mwenye kipato kidogo cha kulipa anaweza kupangiwa mafungu. Marekani, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2005, mtu hawezi kufungua ombi la kufilisika kabla hajapata ushauri wa madeni kwa taasisi iliyoidhinishwa, na ombi lake huambatana na fomu za mapato na matumizi ya nyumba, mstari kwa mstari: chakula, umeme, matibabu, nauli. Hapo bajeti ya kaya ni ushahidi wa kisheria. Jaji anaitazama na kujua kinachobaki.

Tanzania yenyewe inayo kanuni ya aina hiyo, ila kwa watu wachache. Mtumishi wa umma hakatwi mshahara mpaka akabakiwa na chini ya theluthi moja. Ni kanuni njema, ingawa baadhi ya walimu huipoteza kwa mikono yao wanapomwachia mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri. Mkulima wa korosho hana theluthi yake. Siku ya malipo anaweza kukuta AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika, imeshakata mkopo wa pembejeo, mwenye kikundi anasubiri nje ya benki, na mwenye kausha damu yuko kwenye kona ya pili. Anarudi Chiungutwa na fedha ya mafuta ya taa. Kwa kuwa korosho yote inapaswa kupita kwenye chama, ghala na akaunti ya benki, kumlindia mkulima theluthi moja ya malipo isiguswe na mdai yeyote ni jambo rahisi kiutendaji. Karani anayeweza kukata anaweza pia kuacha.

Watakaopinga watasema wakopaji wataringa na mikopo itaadimika. Hoja hii inastahili jibu. Mkopo utakaoadimika ni ule uliotegemea kubeba sufuria; anayekopesha kwa kutazama bajeti hapotezi kitu kwa mdaiwa kuachiwa chakula na salfa, kwa kuwa bila salfa hakuna korosho ya kumlipa. Tena ulinzi huu uwe na masharti: anayeficha mali, anayedanganya kwenye bajeti au anayekopa kwa nia ya kutolipa aukose.

Bunge, basi, liifanyie kazi Sura ya 25. Mdaiwa mdogo apelekwe mahakama ya wilaya, Masasi au Newala, kwa fomu ya Kiswahili ya kurasa chache ambayo moyo wake ni bajeti ya miezi 12, si ya mwezi mmoja, ili msimu uonekane. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo kisingizio cha lugha hakipo. Ombi likipokelewa, riba isimame na vitu vya nyumbani visiguswe mpaka hakimu aisome bajeti. Benki Kuu na halmashauri zifuatilie wanaobeba mali bila amri ya mahakama, na polisi wa kata wasiwe wasindikizaji wao. Nayo asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayokopeshwa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, itoke Mei na Juni, fedha ifike kabla ya kupulizia, isisubiri Desemba mkulima akiwa ameshauza maua.

Mabadiliko ya sheria yatachukua muda. Fomu ya bajeti haihitaji kuyangoja. MAMCU na TANECU, vyama vikuu vinavyohudumia wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba, vinaweza kuichapa sasa na kuigawa kwenye AMCOS pamoja na pembejeo, karani akimsaidia kila mkopaji kuijaza kabla ya kusaini mkopo wowote, nakala moja ikibaki chamani na nyingine ikikaa nyumbani, mahali ambapo mke na mume wote wanaweza kuifikia.